Taa Nyekundu Kifuani mwa Konstebo

Kila siku saa kumi, shule ikifungwa, Elspeth Dodds alipita dukani kuchukua gazeti la babu yake, kisha akashuka njia iliyo nyuma ya reli ya zamani mpaka bustanini. Kijijini kwetu Coldhope mgodi wa makaa ulifungwa zamani, lakini wazee hawajaacha kuchimba. Kila mmoja ana kipande chake cha ardhi, na katika kila kipande kuna liki, mboga ya jamii ya kitunguu yenye shina refu jeupe.

Sisemi zile liki za sokoni zinazofungwa mafungu kama vitunguu vya majani. Liki za Babu Wilf zilikuwa nene kama paja la golikipa. Kila Jumapili alizinywesha nusu painti ya bia, na wapo wanaoapa kwamba ukizipitia Jumatatu asubuhi zilikuwa na uchovu. Mwaka huo alikuwa na mbili zilizolingana kama mapacha. Jumamosi zingepelekwa kwenye maonyesho ya klabu, zikashindane na za jirani yake, Mzee Cuthbert Milburn, aliyemshinda miaka sita mfululizo.

"Mwaka wa saba atalia," Babu Wilf alisema Jumatatu ile, akivaa koti aende kliniki kutazamwa goti. "Elspeth, zilinde. Na mpira usiingie humu."

"Ndiyo, Babu."

Mpira ulikuwa tayari nyuma ya pipa la maji.

Elspeth, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa anataka nafasi katika timu ya shule. Akaupiga kwenye ukuta wa bustani mara kumi, mara ishirini. Wa ishirini na moja ulimponyoka, ukagonga kioo kikuukuu cha dirisha ambacho Babu alikiegemeza juu ya liki kuzikinga upepo. Kioo kikapasuka, kipande kirefu kikashuka kama kisu. Mapacha wote wawili wakakatwa shingo.

Elspeth alisimama, mdomo wazi. Kisha akaokota vipande vyote vya kioo, akavifukia kwenye lundo la mboji, na mpira akauficha chini ya ndoo.

Babu aliporudi hakukumbuka kioo wala kuuliza kilichotokea. Pale kwetu, liki ikikatwa wiki ya maonyesho, hakuna anayefikiria mpira. Wote wanafikiria kisu cha jirani mwenye wivu.

"Wamezikata!" alinong'ona. Uso wake ulikuwa mweupe kama mzizi. "Ulimwona nani?"

Elspeth angeweza kusema. Badala yake alisema, "Mzee Milburn alipita na toroli lake."

Na kweli alipita. Ndiyo maana uongo ule ulisimama imara hivyo.

Polisi waliitwa. Alikuja Konstebo Freya Thirlwell, kijana, mgeni wa miezi mitatu, na kamera ndogo nyeusi kifuani.

"Nawajulisha kwamba kamera inarekodi," alisema, akaibonyeza.

"Ya nani hiyo, yetu au yenu?" Babu aliuliza. Coldhope haijasahau mgomo wa wachimba makaa, polisi walipopanga mstari barabarani kuwazuia baba zetu. Hata watoto waliozaliwa juzi wameurithi ule mstari.

"Yetu sote, mzee. Inanitazama mimi kama inavyokutazama wewe."

Elspeth aliona uso wake mwenyewe, mdogo kama mbegu, ndani ya kioo cha kamera. Akarudia maneno yake: Mzee Milburn, toroli, saa kumi na nusu. Alihisi kila neno likitumbukia mle ndani na kukaa.

Usiku huo, na uliofuata, hakulala vizuri.

Jumatano jioni kamati ya maonyesho ilikaa klabuni. Ukumbi ulijaa, maana watu walitaka kuona jina la Milburn likifutwa kwenye mashindano. Elspeth aliketi kando ya babu yake, mikono chini ya mapaja.

Mzee Milburn alisimama, kofia mkononi. Ni mgane, mwembamba, na suti yake ya pekee ilikuwa ya mazishi ya mkewe.

"Miaka arobaini na moja naleta liki humu," alisema. "Sijawahi kugusa jani la mtu. Nilisikia kioo kikivunjika kwa Wilf jioni ile. Nilimwambia afande alipokuja kunihoji."

"Umeitunga leo asubuhi ukinyoa!" mtu alipaza sauti. Watu wakacheka.

"Nilisema mbele ya kamera! Muulizeni."

Vichwa vyote viligeuka mlangoni, ambako Konstebo Thirlwell alikuwa amesimama. Hakuna aliyekuwa amempa kiti. Elspeth alitazama sakafu. Sasa wangekumbuka kioo, wangekwenda kukitafuta, wangekipata kwenye mboji.

"Mzee Milburn anasema kweli, alinitajia kioo," konstebo alisema. "Lakini picha sina. Kamera hii inabonyezwa mara mbili ndipo taa nyekundu iwake. Mimi nilibonyeza mara moja. Haikurekodi chochote, si kwake wala kwa familia ya Dodds."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko kisicho na furaha.

"Ajabu! Zinaharibika siku zinapohitajika!"

"Sema betri iliisha, afande! Wenzako wa zamani ndivyo wangesema!"

"Betri ilikuwa imejaa," alisema. Masikio yake yalikuwa mekundu, lakini hakuondoka. "Kosa ni langu, nimeshaliandika kwa mkuu wangu. Mna haki ya kukasirika. Nilisema kamera ni yetu sote, kisha nikawanyima."

Kicheko kilikatika. Walikuwa wamejiandaa kwa uongo, na sasa hawakujua waweke wapi midomo yao.

Elspeth naye alikuwa ameshusha pumzi. Hakuna picha, na neno tupu la polisi halina uzito Coldhope! Maneno yake hayakukaa popote. Ilibaki anyamaze tu. Lakini alipomtazama konstebo, raha ile ikamchachia. Mtu yule angeweza kusema betri, na hakuna ambaye angejua.

"Haya," mwenyekiti alisema. "Wanaotaka jina la Cuthbert Milburn lifutwe, mikono juu."

Mikono ikaanza kupanda. Wa Babu Wilf ulipanda polepole. Mzee Milburn aliutazama ule mmoja tu, akaanza kuvaa kofia yake.

"Afande!" Elspeth alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Washa kamera."

"Unasemaje, binti?"

"Washa. Mara mbili. Nataka kusema tena."

Konstebo alimtazama babu yake. Babu akaitikia kwa kichwa. Konstebo akabonyeza mara moja, mara mbili. Taa nyekundu ikawaka.

Elspeth alisema yote: mpira, kioo, mboji, ndoo. Alipofika kwenye toroli alimgeukia Mzee Milburn. "Ulipita tu. Zilikuwa zimesimama vizuri ulipopita. Nisamehe, mzee."

Ukimya ule, nawaambia, ungesikia liki ikikua.

Babu Wilf alishusha mkono wake. Akavuka ukumbi kwa goti lake bovu, akasimama mbele ya Milburn. "Cuthbert, mimi ni mjinga mzee."

"Hilo halihitaji kamera," alijibu Milburn, akampa mkono.

Elspeth hakusamehewa bure. Alitumwa kulima shamba la Mzee Milburn kila Jumamosi mpaka Krismasi, na mpira ulifungiwa kabatini mwezi mzima. Siku ya maonyesho Milburn alishinda, mara ya saba. Babu alipeleka liki mbili za akiba, akawa wa mwisho, akapewa birika la kumfariji.

Wale mapacha waliokatwa walitosha supu ya klabu nzima. Konstebo Thirlwell alipochungulia mlangoni, mtu mmoja, simtaji, alisukuma kiti kwa mguu bila kusema neno. Konstebo akaketi. Ilikuwa miaka mingi tangu polisi aketi mle.

Babu alimpa Elspeth bakuli. "Nilikuwa na hasira juu ya liki," alisema. "Zitaota nyingine. Jina la mtu likikatwa halioti tena. Afande alisema kosa lake mbele ya watu wasiompenda, ndiyo maana nilimwamini. Na wewe ukasema lako, ndiyo maana nitakuamini tena. Kamera inaona tu, mjukuu wangu. Kusema ukweli ni kazi yetu."

Mzee Milburn aliinamia kifua cha konstebo, akaichunguza kamera kwa jicho moja.

"Imewashwa?"

"Imezimwa, mzee."

"Una hakika safari hii?"

"Nina hakika."

"Basi naweza kusema. Supu ya Wilf haina chumvi."