Suti Iliyorudi Roret Imezeeka

Suti ya kahawia ililala juu ya kaunta, mikono imetandazwa kama maiti inayomngoja daktari. Lebo yake ilikuwa mpya kabisa. Suti yenyewe ilikuwa imekula chumvi nyingi: viwiko vimepauka, kola inang'aa kwa jasho la miaka.

"Mteja alinunua suti mpya hapa Jumanne," alisema Wambugu, mwenye duka hilo la nguo sokoni Roret. "Alhamisi akairudisha, eti inambana. Akapewa pesa zake. Leo natoa suti nimwonyeshe mteja mwingine, nakuta tambara hili! Afande, huyu msichana amekula njama naye. Mpeleke ndani."

Esnah, muuzaji wa dukani, alisimama kando ya sweta za shule, macho mekundu.

Inspekta Fancy Chepkemboi alivaa glavu kwanza, kisha akamgeukia.

"Uliikagua suti alipoirudisha?"

"Hapana, madam."

"Kwa nini?"

"Niliona lebo ni yetu, rangi ni ile ile." Esnah alisita. "Halafu alikuwa ananichekesha. Aliiga vile wazee wa kanisa wanaomba sadaka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu."

"Jina lake?"

"Alisema anaitwa Bwana Tumbo. Eti ndiyo maana suti imemkataa."

Inspekta aliuma midomo asicheke. Alipindua mfuko wa koti juu ya karatasi nyeupe. Vikadondoka vipande vidogo vya karatasi ing'aayo, vile vya kumwagia maharusi: vya dhahabu, vya waridi, vya buluu.

"Rangi tatu," alisema. "Huyu amehudhuria harusi zaidi ya moja." Akainua kola. Upande wa kushoto kitambaa kilikuwa kimetoboka, alama za meno mawili madogo. "Na hapa palikuwa na kibanio."

"Cha kalamu?" aliuliza Wambugu.

"Cha maikrofoni. Bwana Wambugu, mtu wa harusi nyingi, mwenye maikrofoni kifuani, anayeweza kumchekesha muuzaji mpaka asahau kazi. Huyo ni MC."

Aliifunga suti katika mfuko wa ushahidi, akamwambia Esnah aingie garini. Kama msichana huyu alikuwa mkweli, angemtambua mteja wake. Kama sivyo, seli ilikuwa inamngoja, na Wambugu alishasema hataki kumwona tena dukani.

Walifika Chepilat kwa Omosa, mzee anayekodisha mahema, viti na spika za sherehe, na anayewajua ma-MC wote wa huko. Aliuona mfuko tu, akapiga makofi.

"Hiyo suti naijua hata nikiwa nimelala! Ni ya Vinny. MC wetu."

"Leo anasherehesha wapi?"

"Leo ni siku yake mwenyewe, madam. Ni koito, anamposa Nelvine. Yuko kwa wakwe, kule juu ya kiwanda cha majani chai."

Inspekta alirudi garini. Kumkamata mtu mbele ya wakwe siku ya kuposa? Lakini kwenye kioo cha gari alimwona Esnah akijifuta machozi, akawasha injini.

Mvua ilikuwa imetoka tu kupita, na michai ilimeremeta mpaka bondeni. Chini ya hema akina mama waliimba huku mursik, maziwa ya mgando, ikimiminwa kutoka vibuyuni. Katikati ya wazee waliokuwa wakicheka alikaa kijana mrefu, suti ya kahawia, mpya inayonukia duka.

"Ndiye," alisema Esnah.

Inspekta alimwita kando, penye michai.

"Suti hiyo ulinunua wapi?"

"Kwa Wambugu."

"Na hii?" Aliuinua mfuko.

Vinny alifungua mdomo kutoa mzaha. Haukutoka.

"Huyu dada nusura alale seli leo kwa sababu yako."

Kijana alimtazama Esnah. "Haki sikujua ingemwangukia yeye. Nilifikiri ni hasara ya tajiri, na tajiri husahau."

"Ulifanyaje?"

"Nilitoa lebo ya mpya, nikaishona kwa kuukuu."

"Kwa nini?"

"Nilipokuja hapa mara ya kwanza nilivaa hiyo kuukuu. Kaka yake Nelvine akaniuliza mbele ya watu kama nimekuja kuposa ama kutafuta kazi ya kulinda geti. Kazi yangu ni kuchekesha, madam. Siku hiyo nilichekwa. Na pesa niliyobaki nayo ilikuwa ya blanketi la mama mkwe. Nikataka vyote viwili."

"Basi nenda ukaseme hivyo kule hemani," ilisema sauti nyuma yao. Nelvine alikuwa amewafuata. "Mimi nilikupenda ukiwa na hiyo kuukuu. Lakini mwongo siolewi naye."

Vinny alikwenda. Alivua koti la suti mpya, akashika maikrofoni, akasema yote bila mzaha hata mmoja.

Mama mkwe aliinuka. "Blanketi bado liko kwa nailoni yake," alisema. "Lirudisheni huko lilikonunuliwa, mlipe suti ya watu. Mimi sitakufa kwa baridi."

Kaka yake Nelvine akavua koti lake, akamvisha Vinny. "Neno la geti lilikuwa langu," alinong'ona. "Nisamehe, shemeji."

Inspekta alimpigia Wambugu simu, sauti ikisikika na wote. Wambugu aliguna, akahesabu hasara, mwishowe akakubali kufuta mashtaka akilipwa.

"Na Esnah?" aliuliza Inspekta.

Wambugu akashusha sauti: "Esnah, mwanangu, nilikukosea. Jumatatu uje kazini."

Vinny alipiga magoti mbele ya Esnah. "Dada, wewe nikulipe nini?"

"Utasherehesha harusi yangu bure."

"Nimekubali! Ni lini?"

"Sijui. Bwana bado sijampata."

Vigelegele vilipasuka hemani, na safari hii Inspekta Chepkemboi alicheka mpaka kofia ikamwanguka.