Tundu Kwenye Mfuko wa Baba

Kila nikitoka shule hupitia kwenye kibanda cha baba, fundi cherehani, nimsaidie kushona vifungo. Mama husema nina macho ya mpelelezi, na siku zile macho hayo hayakutulia. Baba alikuwa na uvimbe kwenye utumbo, akawa anasubiri kupasuliwa. Daktari alishamwambia aache sigara kabisa, naye akaapa kwamba ameacha.

Ameacha wapi! Kila mara alikwenda nyuma ya kibanda "kunyoosha miguu", akirudi anamumunya pipi kali. Nikajisemea, huyu ana lake jambo. Nilipokuwa nafua shati lake, nikaona tundu dogo la kuungua ndani ya mfuko, limezibwa kwa uzi, ufundi mtupu. Mama alisema ni pasi tu. Lakini pasi gani inayounguza ndani ya mfuko na nje pazima?

Tulimsindikiza hospitali. Daktari alimuuliza kama ana kisukari, kama amepungua uzito, kama bado anavuta.

"Nimeacha," baba akajibu bila hata kupepesa macho.

Daktari akaeleza kwamba atakata kipande kibovu na kuunganisha utumbo. Sigara hupunguza damu inayofika kwenye maungio, nayo yanaweza kuachia, uchafu ukamwagika tumboni, mtu akafa. Niliogopa hasira ya baba, ila kumzika niliogopa zaidi.

"Baba, na lile tundu la mfukoni?"

Alinikazia macho, kisha akainamisha kichwa. Akakiri kwamba bado anavuta, na kwamba aliogopa upasuaji usije ukaahirishwa.

Daktari hakumgombeza. "Fundi, mteja akikuficha kwamba kitambaa chake kimeoza, ukakishona kikachanika, utafanyaje?"

"Nitamwambia angesema mapema," baba akajibu kwa sauti ndogo.

Upasuaji ukasogezwa mbele kidogo. Baba aliacha sigara kwa taabu, akinuna na kugombana hata na cherehani. Alipopasuliwa, maungio yalishika vizuri.

Siku ya kurudi nyumbani alinishika mkono.

"Mwanangu, nilimkwepa daktari kana kwamba ni askari aliyekuja kunikamata. Kumbe tumbo ni langu. Ukimdanganya anayekutibu, yeye jioni atarudi kwake salama. Atakayebaki kitandani ni wewe."