Maji Yaliyomwagwa Magharibi

Kilio kilitoka kwenye mchirizi wa ua, chembamba kama cha paka aliyebanwa mlangoni, na Rukia akadhani ni cha Safiyya. Alipogeuza shingo, binti yake alikuwa begani pake, kimya, anatafuna ncha ya mtandio.

Na yote hayo kwa sababu ya ukuta. Hita ya maji, lile pipa lililotundikwa ukumbini, ilikuwa imeacha doa la kutu nyuma yake, na Rukia hakutaka wageni wa akika ya mtoto walione. Nyumba nzima ilikuwa imeshapakwa rangi ya samawati, kasoro pale tu.

"Iteremshe leo hii," alimwambia mumewe, "la sivyo nitaiangusha mwenyewe kwa mchi!"

Fuadi, mtu asiyependa makelele, akachukua spana. Magharibi ilikuwa inaingia na alitaka kuwahi sala ya jamaa msikitini, basi hakungoja maji yapoe. Aliyafungulia yakatiririka hadi mchirizini yakifuka mvuke. Kila Mbajuni hufundishwa angali mdogo kwamba maji ya moto hayamwagwi chini bila bismillahi, sembuse saa hiyo, majini wanapowatoa wana wao nje. Lakini Fuadi alikuwa ameuma skrubu mdomoni zisipotee, na Rukia alikuwa anawaza rangi.

Ukuta ukapakwa. Asubuhi yake, pale ilipokuwa hita, rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Rukia akamlaani muuza rangi, akayapasua kwa kisu. Yakatoka maji ya uvuguvugu.

Alasiri, malengelenge yaleyale yalikuwa mgongoni mwa Safiyya.

Hospitalini walimpa dawa ya kupaka, wakamtazama Rukia kama mama anayechoma mtoto wake. Aliona uchungu, akambeba mtoto akarudi nyumbani. Safiyya aliacha kunyonya. Kila magharibi kilio kilirudi mchirizini, na ukumbi ukanuka nyama iliyochemshwa. Mtoto akazidi kukonda, na Rukia akaanza kuogopa hata kumpangusa.

Mama yake Fuadi, Bi Fadhila, akaja kutoka Kudhaa na maalim Anwari. Bi Fadhila aliutazama ule mgongo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ni mchu gani aliyemwaga mai ya moto hapa?"

Fuadi akainamisha kichwa.

Maalim aliwasha ubani, akaanza kusoma. Hakufika mbali. Kinywa cha Rukia kikafunguka chenyewe, na sauti iliyotoka ilikuwa yake na haikuwa yake. "Mwanangu ameungua mdomo. Sisi tumeumbwa kwa moto, na ziwa langu ni moto. Hawezi kulinyonya. Na wa huyu mwanamke asinyonye."

"Toka!" alisema maalim, jasho likimtiririka. "Toka, au nitakuchoma kwa aya, wewe na mwanao!"

Rukia akarudiwa na fahamu. Akamshika maalim mkono, jambo ambalo asingethubutu siku nyingine. "Maalim, usimchome. Ameshaungua vya kutosha."

"Unataka kufanya nini, mwanangu?" alinong'ona Bi Fadhila.

"Maziwa yangu si moto, mama."

"Rukia!" Maalim alimshtukia. "Mwana wa ziwa ni mwana. Ukimnyonyesha huyo ni wako, na ni ndugu wa binti yako, mpaka kufa."

"Ndugu atamuua nduguye?"

Rukia akaenda uani, akapiga magoti mbele ya mchirizi, akasema bismillahi, akafungua kifua, na kitu kisichoonekana kikampanda mapajani, kizito, chenye joto la sufuria iliyotoka motoni, kikapapasa, kikalia, kikakosa, kikapapasa tena, mpaka midomo iliyochubuka ikalishika ziwa na kuvuta kwa njaa yake yote, na yeye aliyetaka kupiga kelele akajikuta, kwa mazoea ya mama yeyote, anapapasa hewa akitafuta mgongo wa kuupigapiga.

Usiku haujaingia, Safiyya alilia kwa njaa. Akanyonya mpaka akalala. Malengelenge yakanyauka, harufu ikaondoka, na Fuadi akalia machozi mbele za watu bila haya.

Hata hivyo hakutaka tena kukaa nyumba ile. Akapata chumba kwa nduguye huko Ras Kamboni, akapakia vyombo, gari likawa mlangoni linanguruma. Akamkuta Rukia ameketi uani kando ya mchirizi, kanga imelowa maziwa kifuani.

"Simama twende, mke wangu. Jua linazama."

"Nenda, Fuadi. Mimi siwezi kumwacha mtoto."

"Nani kasema tunamwacha? Safiyya ameshapanda garini, yuko na mama."

Rukia hakuinua uso. Mkono wake ulikuwa unapigapiga hewa, polepole.

"Najua Safiyya aliko," alisema.