Msumari wa Gobori

Daktari Quoilin alipiga simu giza la Desemba likianza kushuka, nami nilikuwa nafunga karakana niwahi misa ya jioni.

"Lambert, nimepata gobori. Njoo unipimie. Mchukue na mdogo wako." Kisha akaongeza: "Na mje na koleo."

Koleo! Mtu mwenye chumba kizima cha vifaa nyumbani kwake. Sikuuliza. Mungu anisamehe, kila nikilikumbuka neno lile damu inanichemka mpaka masikioni.

Kazi yetu ni kukagua silaha za kale. Wakusanyaji wa hapa mjini Liège hutuita tuwaambie bunduki ni ya fundi gani, imechezewa au haijachezewa, na itauzika kwa kiasi gani. Mimi ndiye macho, mdogo wangu Servais ndiye mikono.

"Kaka, umeikacha misa kwa sababu ya gobori," Servais alinitania njiani. "Bikira Maria atakununia."

"Tazama barabara wewe."

Gobori lilikuwa limelazwa mezani. Daktari hakutusalimu kwa mkono. Alisimama ng'ambo ya meza, mikono yote mfukoni, kama mtu anayesikia baridi mbele ya moto unaowaka.

"Limetoka wapi?" nikauliza. Hilo huwa swali langu la kwanza.

"Kwa mpwa wa bibi mmoja, Léonie Hastir, kule vijijini Condroz. Bibi mwenyewe amepelekwa kwa masista wanaolea wazee."

Nikainama na taa. Mtutu ulikuwa kazi ya mafundi wetu wa zamani, chuma na feleji vimesokotwa pamoja hadi vikatoa mawimbi kama ya maji. Mzuri mno. Lakini kitako… nilikigusa kwa ukucha, ukucha ukazama.

"Hiki si kitako chake. Bunduki hutiwa mti mgumu. Huu ni ule mti laini ambao maua yake hupikwa chai, unaopandwa mbele ya makanisa."

"Endelea."

"Na misumari hii yote?"

Ilikuwa imejaa ubao mzima, vichwa vimeliwa na kutu. Mmoja, mkubwa, wa pembe nne, ulikuwa umepita kwenye ubao ukaushika mtutu.

"Nani huyu kapigilia bunduki kama anaziba banda la kuku?" Servais akacheka.

Daktari hakucheka. "Bei yake?"

"Siwezi kutaja. Alama za ukaguzi ziko chini ya mtutu, na msumari huu mkubwa umeubana. Mpaka utoke."

Niliyasema mimi hayo, kwa kinywa changu.

"Basi utoke," akasema. Nikalishika koleo. "Si wewe, Lambert. Wewe tunza macho. Aung'oe kijana." Akauonyesha msumari kwa kidevu. Mikono haikutoka mfukoni.

Servais akauuma kwa koleo. Akavuta.

Kriiii…

Nimesikia misumari mingi. Ule ulilia.

Kisha ikaja harufu. Maua. Maua mabichi ya mti ule, ya mwezi wa Juni, na sisi tuko Desemba, madirisha yamefungwa…

Servais akakohoa. Mara moja tu.

"Inatosha," daktari akasema.

"Bado hatujainua mtutu."

"Nimesema inatosha. Nendeni mkapumzike." Alikuwa anatabasamu. Na yeye aliyekuwa na haraka ya bei, hakuiuliza tena.

Usiku ule kikohozi kilishika. Na hakikuwa cha Servais. Ninakijua kikohozi cha mdogo wangu, kizito, cha mvuta sigara. Hiki kilikuwa chembamba. Kinakwenda mfululizo, pumzi inakatika, halafu inarudi kwa mluzi mrefu… kama jogoo anayekabwa.

Kifaduro. Kikohozi cha mtoto mdogo, kinatoka kwenye kifua cha mtu mwenye ndevu.

Hospitali walipiga picha mapafu yake. Safi kabisa, wakasema. Nikamwita Daktari Quoilin. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. "Mafua hayo, mpe asali." Akaenda zake! Na mdogo wangu midomo imegeuka bluu.

Usiku wa pili Servais akaanza kusema, kwa sauti ndogo nisiyoijua.

"Mama… usinipeleke kwa Léonie… namwogopa…"

Mama yetu hakuwahi kumjua Léonie yeyote.

Kulipokucha nikaenda kwa masista. Bibi Léonie alikuwa kwenye kiti chenye magurudumu, blanketi magotini, rozari mkononi. Sijamwamkia bado, akaninong'oneza:

"Umekuja kwa ajili ya kikohozi. Nani kaung'oa?"

"Mdogo wangu, bibi."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa koleo."

"Koleo nalo ni mkono, mwanangu."

Akanieleza. Kijijini kwao palikuwa na mti mbele ya kanisa dogo. Mgonjwa aliguswa kwa msumari mahali panapouma, wakasali, msumari ukapigiliwa mtini, ugonjwa ukabaki humo. Radi ilipouangusha mti, baba yake akachonga kitako kwenye shina lake, akakivisha gobori la nyumbani, ili misumari isikose makao. Wakaendelea kupigilia humo.

"Huo mkubwa niliupiga mimi. Nilikuwa msichana. Mama mmoja wa mjini aliniletea mwanawe ana kifaduro, karibu anakata roho. Anaitwa Evrard Quoilin."

Daktari wetu yule yule!

"Juzi juzi alikuja kwangu. Daktari mzima, analia kama kitoto. Kutu inaula msumari. Kutu ikiumaliza, ugonjwa unamrudia mwenyewe. Nikamwambia jingine pia: akiung'oa mtu mwingine, unakuwa wake huyo." Akaifinya rozari. "Nilimwambia ili aogope. Sikumwambia ili afanye!"

Sikuwahi kumtamania mtu kifo. Siku ile nilimtamania, mbele ya msalaba wa masista.

"Nifanyeje, bibi?"

"Mguse mdogo wako kifuani kwa msumari huo huo, kisha uupigilie kwenye ubao ukisali. Ubao wowote utaupokea. Unasali wewe?"

"Nasali."

"Kwa moyo mweupe?"

Nikainuka, nikashika njia ya nyumbani.

Msumari ulikuwa kwenye mfuko wa koti la Servais, alikoutia bila kufikiri baada ya kuung'oa. Nilimgusa kifuani, kikapanda na kushuka kama kifua cha ndege aliyeanguka kutoka kiotani. Nyuma ya nyumba tulikuwa na mbao tele. Magogo ya kuni, kreti, mlango mbovu. Nikazipita zote, nikaingia garini na nyundo.

Daktari hakuwapo nyumbani kwake. Mtumishi wake ananijua, nikamwambia nimekuja kumalizia ukaguzi. Nikafungua kabati la kioo, nikaitoa bunduki yake ya kuwindia, ya kitako cha mti mgumu, laini kama shavu, ambayo mimi mwenyewe niliithaminisha juu ya zote. Mke wake hakuwahi kushikwa kwa upole kama bunduki ile.

Nikauweka msumari. Nikaanza: Baba yetu uliye mbinguni…

Ngo!

Nilipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, ulimi ukagoma. Nikayaruka maneno hayo.

Ngo!

Juu ghorofani, mtoto akakohoa.

"Mna mtoto?" nikamuuliza mtumishi.

Alikuwa amejishikiza ukutani. "Humu hamna mtoto, bwana Lambert… hajawahi kuwamo."

Nikamaliza. Ngo! Kimya.

Nyumbani nilimkuta Servais amekaa kitandani anakula mipira ya nyama na viazi vya kukaanga, mchuzi mtamu umemjaa ndevuni. "Kaka, umenuna nini? Kuna bia?" Nikatoka nje nikalia.

Jioni iliyofuata gari la daktari likasimama nje ya karakana. Akaingia na bunduki yake, uso umempauka, akailaza mezani, mikono ikarudi mfukoni.

"Nani kaifanyia hivi?"

"Mimi."

"Utaung'oa sasa hivi!"

Nikachukua koleo, nikalisukuma juu ya meza mpaka mbele yake. "Ng'oa mwenyewe. Si mafua tu hayo? Utakunywa asali."

"Lambert, usinichezee…"

"Ng'oa, daktari! Msumari tu huo. Banda la kuku."

Alilitazama koleo. Mkono ukatoka mfukoni, ukasogea… ukasimama. Nikasikia pumzi yake, nyembamba, yenye mluzi mwishoni. Au ni masikio yangu. Mpaka leo sijui.

Akaurudisha mkono mfukoni. Akaiacha bunduki mezani, akatoka bila kofia. Hajaifuata tena.

Padre ameniambia hasira hii niitue. Nimeiungama. Nikiondoka kwenye kiti cha maungamo inakuwa inaningoja mlangoni. Na sala ile, nikifika pale pale, ulimi bado unaruka. Bibi Léonie aliniuliza juu ya moyo mweupe, na kabla sijapata jibu masista wakamzika. Sijui msumari uliopigwa bila msamaha unashika kwa muda gani.

Bunduki iko ukutani mwa karakana. Jioni zingine, taa zikizimwa, pananukia maua.

Servais hakumbuki lolote. Nimemweleza kila kitu, kanicheka mpaka machozi. Jana alisimama mbele ya bunduki ile, kainamisha kichwa, kidole kinapapasa kile kichwa cha pembe nne.

"Kaka, bunduki safi hivi… huu msumari unaiua bei. Koleo letu liko wapi?"

Koleo nimelitupa kwenye mto Meuse. Lakini duka la vyuma liko mtaa wa pili, na mdogo wangu tangu utoto hajui kuiacha kazi nusu.