Yai la Saa Nne

Jumatatu moja ya Februari, jikoni kwake Kitengela, Cate Gakuru alibandika karatasi ya kliniki kwenye mlango wa friji. Haikuwa na maajabu: managu, ndengu, omena, parachichi, maziwa, kidonge cha asidi ya foliki kila siku, na yai la kuchemsha saa nne asubuhi. Miaka sita ya kungoja mtoto ilikuwa imemchosha. Sasa hata kula kulikuwa kazi. Mumewe, Emmanuel Lemein, alifuata karatasi hiyohiyo, akaacha na bia.

Wiki hiyo Cate alikuta kadi ya ubatizo ndani ya bahasha ya vyeti vya mumewe. Koinet Lemein, 1979.

"Huyu ni nani?"

"Mtoto wa kwanza wa yeyo," alisema Emmanuel. Ndivyo alivyomwita mama yake, Nailantei. "Alikufa kiangazi cha themanini na nne. Sisi Wamaasai hatumtaji aliyekufa, Cate. Rudisha."

Aliirudisha. Lakini Cate ni Mkikuyu wa Gataka, na kwao marehemu hafichwi. Jina lake hupewa mtoto, likaendelea kuitwa. Aliona anawaheshimu wakwe zake. Kila saa nne, akiwa peke yake, aliweka yai kwenye sahani, akashika tumbo lililokuwa bado tupu, akamwambia mtoto aliyemngoja, "Kula, Koinet. Kula ushibe."

Alisema hivyo miezi mitatu.

Akakonda. Nguo zikamlegea mabegani.

"Mama, kweli unakula?" aliuliza muuguzi wa kliniki.

"Nakula kushinda ng'ombe wa mkwe wangu."

Muuguzi alicheka. Kisha akasoma majibu ya damu, akaacha kucheka. "Huu ni mwili wa mtu amefunga. Na hivi, mimba haiwezi kushika."

Kesho yake Cate aliacha yai mezani akaenda kutafuta simu chumbani. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa komeo. Aliporudi, yai lilikuwa limeumwa. Mdomo uliouma ulikuwa mdogo.

Alikuwa amechoka mno hata hakuweza kuogopa. Alilimalizia.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya parachichi. Kisha maziwa. Hayo aliyaona kwa macho yake. Yalishuka ndani ya glasi. Polepole. Bila sauti.

Mwisho wa Mei, Nailantei alikuja kutoka Kajiado na kibuyu cha maziwa.

"Takwenya," alisalimu.

"Iko, yeyo."

Mama mkwe aliketi jikoni. Akaliona yai kwenye sahani. Akaligeuza kuelekea mwanga wa dirisha. Juu palikuwa na alama za meno manne madogo. Chini, katikati, palikuwa na pengo.

Zamani watoto wa boma la kina Lemein waling'olewa meno mawili ya chini. Nailantei mwenyewe alikuwa na pengo hilo. Emmanuel hakuwa nalo. Alizaliwa desturi imekwisha kuachwa.

"Umesema jina?" alinong'ona mama.

"Nilitaka kumpa mtoto, yeyo."

"Huyo alikufa akiniomba maziwa. Ng'ombe walikuwa wameisha wote. Sasa wewe umemwambia ale ashibe." Aliufuta uso kwa kiganja. "Atashiba lini?"

"Nifanye nini?"

"Nyamaza tu. Usimwite tena. Nitamwita mimi. Nimekula miaka sabini, inatosha."

Alilifunga yai kwenye leso. Langoni alisimama, akatazama chini ubavuni mwake, akanyoosha mkono kidogo. "Koinet," alisema. "Twende."

Akaondoka akitembea taratibu, kama mtu anayengoja miguu mifupi.

Tangu siku hiyo chakula cha Cate kilibaki kwake. Damu ikaongezeka. Julai mimba ikashika. Huko Kajiado majirani walisema Nailantei anapika sahani mbili na bado anakauka. Emmanuel alimpeleka hospitalini, hawakuona ugonjwa. Januari alikufa. Waliobeba jeneza walisema lilikuwa kama tupu.

Cate alikuwa na mimba ya miezi sita, ya msichana. Alijihadhari. Jina la Koinet hakulitaja, wala la Nailantei. Hata kwenye maombi alisema "marehemu mama" tu.

Wiki moja baada ya mazishi, saa nne, alikuwa akimenya yai mama yake mzazi alipopiga simu kutoka Gataka. Cate aliiweka spika, akaiegemeza kwenye sahani, akaenda kwenye sinki kunawa mikono.

"Umepumzika, mwanangu?"

"Nimechoka tu, maitu."

"Na mjukuu wangu? Anakula?" Mama alicheka. Kwa Wakikuyu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba lile halitajwi. "Hebu nimwambie mwenyewe. Nailantei! Kula, mama, kula ushibe!"

Cate aliirukia simu kwa mikono iliyolowa. Akaikata.

Mtoto, aliyekuwa akicheza tumboni tangu alfajiri, akatulia.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Cate akatazama sahani.

Yai lilikuwa limeumwa mara mbili. Alama moja ilikuwa ndogo, nyingine kubwa. Zote mbili, chini, katikati, zilikuwa na pengo.