Mkono Ulioshika Kikombe

Alhamisi ile Annis Ormerod alifika kazini saa moja kasoro robo, akavua shali, akafunga aproni na kuanza kusaga jiwe kama alivyofanya kwa miaka minne. Ilikuwa Septemba ya mwaka 1915, katika mji wetu wa viwanda vya pamba, Lancashire. Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri. Hakukuwa na jambo lolote la kumfanya aikumbuke siku hiyo.

Katika kiwanda cha uchapaji alichofanyia kazi, picha zilichorwa juu ya mawe mapana, laini, kisha zikachapwa kwenye karatasi. Picha ikimaliza kazi yake, jiwe lilipelekwa kwa Annis. Alilisaga kwa mchanga na maji, akizungusha mikono bila kupumzika, mpaka alama ya mwisho itoweke. Msagaji mvivu alijulikana upesi, kwa sababu picha ya zamani ilirudi na kujitokeza hafifu chini ya picha mpya. Wachapaji waliuita mzuka. Annis, ambaye ndiye bibi yetu, hakuwahi kulaumiwa kwa mzuka hata mmoja.

"Binti," aliita Bwana Haslam, mkuu wa mtambo. "Njoo uione kazi yako."

Kwenye mtambo palikuwa na jiwe la Seth.

Seth alikuwa kaka yake Annis. Mwezi Machi, kabla ya kwenda Ufaransa, alisimamishwa uani pa kiwanda juu ya kreti, amevaa sare ya kuazima, ameshika kikombe cha mama yao chenye ukingo wa buluu. Alicheka mpaka mchoraji akamkaripia. Katika bango lililotoka, kreti ilikuwa imegeuka handaki safi lenye kuta zilizonyooka na jua juu yake. Nyuma ya Seth palikuwa na benchi lenye nafasi tupu, na chini ya picha maneno: NAFASI YAKO IPO. Bango lilibandikwa kila ukuta. Sasa watu waliokuwa wakijiandikisha jeshini walikuwa wamepungua, na jeshi lilitaka mabango mengine elfu moja kufikia Jumamosi.

"Kabla ya kaka yako, jiwe hili lilikuwa na nini?" aliuliza Haslam.

"Lebo ya jemu."

"Ulilisaga wewe?"

"Mimi mwenyewe. Mara mbili."

"Basi mara moja ulikuwa umelala. Tazama buti."

Annis akaitazama karatasi ya majaribio. Buti za Seth, zilizochorwa ziking'aa, zilikuwa nyeusi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Haikuwa alama ya matunda ya jemu. Ilikuwa tope.

Haslam alilisafisha jiwe kwa dawa, akajaribu tena. Buti zikatoka safi. Akakuna kidevu na kusema wataendelea Jumamosi.

Jioni, mdogo wao Jabez alikuja mezani akiwa bado na pamba kwenye nywele. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa hakina ncha, kimeliwa na mashine ya kufuma.

"Nimechoka kutazamwa na kaka yangu ukutani," alisema. "Kila nikitoka kazini ananicheka, na kikombe chetu mkononi. Jana wale wasichana wa kusokota waliniuliza, eti Jabez, benchi lako wewe liko jikoni kwa mama yako?"

"Kula viazi vyako," alisema mama yao.

"Nakula, mama. Ila Jumamosi saa nane naenda ukumbi wa soko kujiandikisha. Nimeshawaapia wenzangu."

Mama hakuinua macho. Aliinuka, akakitoa kile kikombe kabatini, akakifuta, ingawa kilikuwa kikavu, akakirudisha.

Annis alimfuata mdogo wake uani. Mwezi Agosti jirani mmoja aliyerudishwa kutoka vitani bila mguu alimletea kijikaratasi alichokificha ndani ya soksi, kisipite mikononi mwa maofisa. Kilikuwa na mwandiko wa Seth: *Usimwache Jabez aje. Hapa hakuna benchi. Usimwambie mama.* Annis alikitoa tena kutoka kwenye aproni.

"Nilishakisoma, dada."

"Kisome tena."

"Seth anataka medali zote ziwe zake," alisema Jabez na kucheka, lakini hakukishika. "Kadi za jeshi anazotutumia zinasema mzima. Za mwezi mzima zote zinasema mzima."

"Kadi zimechapwa tayari, Jabez. Anachofanya yeye ni kukata maneno asiyotakiwa kusema."

Jabez akaingia ndani.

Jumamosi mtambo ulianza saa moja na nusu. Mpokeaji wa karatasi alikuwa mgonjwa, kwa hiyo Annis akasimama mahali pake, akizipokea zilivyotoka na kuzipanga. Karatasi mia za kwanza zilikuwa safi. Seth alitabasamu, Seth alitabasamu, Seth alitabasamu.

Karibu na ya mia mbili, buti zikawa nyeusi.

Annis aliendelea kupanga. Alidhani ni macho yake. Kwenye ya mia tatu tope lilikuwa limefika magotini. Benchi lilikuwa limezama. Kuta za handaki hazikunyooka tena; zilikuwa zimeinama kwa ndani.

"Bwana Haslam."

Haslam alikuja, akatazama, akasogea kwenye mkono wa kuuzimia mtambo.

Kiunoni. Kifuani. Tabasamu lilikuwa lile lile, halikubadilika hata kidogo, ila mkono wenye kikombe ulikuwa ukipanda. Kila karatasi, kidogo. Begani. Shingoni.

"Zima," alinong'ona Annis.

"Nimezima," alisema Haslam. Mikono yake ilikuwa kwenye mkono wa mtambo, na mkono wa mtambo ulikuwa chini.

Karatasi nyingine ikatoka. Kidevuni. Nyingine. Mdomoni.

Kisha mtambo ukasimama.

Karatasi ya mwisho ilikuwa na tope toka ukingo mmoja hadi mwingine. Katikati ulitokeza mkono mmoja, umeshika kikombe chenye ukingo wa buluu. Chini, maneno yalisomeka safi: NAFASI YAKO IPO.

Haslam aligusa jiwe, akanusa kidole.

"Wino hauna harufu hii," alisema polepole. "Saa ngapi mdogo wako anaandikishwa?"

"Saa nane."

"Ichukue. Kimbia."

Mbele ya ukumbi wa soko bendi ilikuwa ikipiga tarumbeta, na zile mia za kwanza zilikuwa zimeshabandikwa mlangoni. Jabez alikuwa wa tatu kwenye foleni. Rafiki zake walipomwona Annis walipiga kelele: "Jabez, dada yako amekuletea maziwa!"

Annis alimvuta kando, akaifunua karatasi.

Jabez aliacha kucheka. Alikipitisha kidole gumba juu ya picha, kikatoka kina tope bichi.

"Hiki ni kikombe chetu," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

"Na huyu ni Seth."

"Ndiyo, Jabez. Ndivyo kulivyo huko. Twende nyumbani."

Aliitazama tena picha. Bendi ilimaliza wimbo, ikaanza mwingine.

"Nani anamvuta?" aliuliza.

"Hakuna mtu. Ndiyo maana nimekuletea uone."

"Hakuna mtu," alisema Jabez. "Ndiyo maana."

Akamrudishia karatasi, akajifuta kidole kwenye suruali, akaingia ndani ya ukumbi.

Barua ya jeshi ilikuja baada ya wiki mbili. Seth Ormerod hakujulikana alipo tangu asubuhi ya Jumamosi, tarehe ishirini na tano Septemba. Jabez alipelekwa Ufaransa majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata. Kadi zake zilisema mzima, maneno mengine yote yamekatwa kwa mstari ulionyooka. Julai zikakoma.

Annis alikuwa ameifungia ile karatasi kwenye sanduku la mashuka, na tangu siku ile hakuwa ameifungua. Novemba, baada ya barua ya pili ya jeshi, iliyomhusu Jabez, aliifungua.

Mkono wa Seth ulikuwa palepale na kikombe chake. Lakini kutoka kwenye tope ulikuwa umetokeza mkono mwingine, wa kushoto, umemshika kifundo cha mkono. Kidole chake kidogo hakikuwa na ncha.

Bibi aliishi mpaka miaka themanini na mmoja. Kila vuli alibadilisha shuka lililokuwa chini ya karatasi ile, kwa sababu lililoa. Sasa tunaitunza sisi, ndani ya mkebe wa bati, na kazi ya kuukausha mkebe ni ya zamu. Tumeitazama kwa lenzi na kwa taa, na kila mmoja wetu ana jibu lake kuhusu mkono upi unaomvuta mwenzake, na ni kuelekea juu au chini.

Maneno yaliyo chini hayajawahi kuguswa na tope.