Habari Iliyokatwa Mkasi

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kukurupuka na kitambaa. Kwanza alikata gazeti kuukuu kwa umbo la shati, akaliweka juu ya kitambaa, ndipo akakata. Na tangu ahitimu kisomo cha watu wazima, kila kipande alikisoma.

"Kwa kusoma huku, mashati ya watu yatavaliwa mwakani," mumewe alimtania.

Siku moja, kwenye kipande cha mgongo, alisoma: "Inadaiwa vidonge vya presha vinaua figo." Maskini, moyo ulimpasuka. Mumewe alikuwa akivimeza kila asubuhi! Alivificha ndani ya kopo la vifungo, akamwambia vimekwisha.

Siku ya nne mume aliamka kichwa kinamgonga, macho hayaoni vizuri. Fundi alimkimbilia jirani yao, muuguzi wa zahanati. Muuguzi akaja na kipimo chake cha presha.

"Presha imepanda sana. Twende zahanati sasa hivi. Vidonge viko wapi?"

Fundi akaanza kulia. "Nimevificha, dada. Gazeti linasema vinaua."

Mume alitibiwa, akapata nafuu. Jioni muuguzi akaomba kuliona gazeti lenyewe.

"Limeandika 'inadaiwa'," alisema. "Yaani kuna mtu kadai. Nani?"

Fundi aligeuza kipande huku na huku. "Hajatajwa."

"Habari imeishia wapi?"

"Kwenye mkono wa shati."

Wakaunganisha mgongo na mkono juu ya kitanda. Fundi akasoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari: "Madai hayo yametolewa na muuza mizizi mmoja. Hakuonyesha uthibitisho wowote. Madaktari wameyakanusha."

Aibu ilimjaa.

"Ukikuta 'inadaiwa' au 'inasemekana', uliza nani kasema, na amejuaje," muuguzi alisema kwa upole. "Soma mpaka mwisho. Na habari ya dawa, niulize mimi kabla ya kuficha vidonge."

Mume akamshika mkewe mkono. "Ulikuwa unaniogopea, najua. Siku nyingine niogopee kwa sauti."

Mume akarudia vidonge vyake, na mwezi ulipopita, presha ilikuwa imeshuka. Fundi alimshonea mumewe shati kwa kufuata vipande vilevile vya gazeti. Mume akapita nalo mlangoni kwa muuguzi, kifua mbele, mkewe kando yake.

"Inadaiwa nimependeza."

"Nani anadai?" muuguzi akauliza.

"Mimi," alijibu fundi, akimnyooshea kola. "Na nimeona kwa macho yangu."